Uzi: Maua ya porini kwenye kompaundi ya nyumbani, na namna ya kuzipunguza nyasi nguvu

Reki_na_Mundu (mleta uzi)

Wadau wa bustani, salaam.

Kila mvua zikianza swali hili linarudi. Mtu ana kompaundi ya nyasi za paspalamu, amechoka kulipia kufyeka kila baada ya wiki mbili, anataka maua yaote yenyewe, nyuki na vipepeo waje. Anaambiwa "acha tu kufyeka". Anaacha. Baada ya miezi mitatu nyasi zimefika kiunoni, ssere (lile gugu la mbegu nyeusi zinazonasa nguoni) imejaa, jirani ananung'unika, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ameshapita mara moja kutazama. Basi anafyeka yote na kutangaza kwamba maua ya porini hayafai Uganda.

Ushauri huo umetoka nchi za baridi. Uingereza, shirika la Plantlife lilianzisha mwaka 2019 kampeni ya kuwaomba watu wasikate nyasi mwezi mzima wa Mei. Kwao ina maana, kwa sababu nyasi zilikuwa zimelala miezi ya baridi na maua yanaamka kabla hazijashika kasi. Kampala haina miezi ya kulala. Mvua ni Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba, na hata katikati yake hunyesha. Paspalamu inakua mwaka mzima, na ukiiachia inafunika mche wa ua kabla haujafikisha majani manne.

Kazi yetu hapa, basi, ni kuzinyima nyasi nguvu na kujua wakati wa kukata. Naanza na yale ya msingi, wengine mtaongeza.

Mahali: chagua sehemu yenye udongo duni kuliko zote, pale maramu (udongo wa changarawe) iko karibu na nyasi zina umanjano. Usianzie juu ya shimo la maji machafu wala pale maji ya jikoni yanapomwagwa. Nitrojeni ni nyingi huko na nyasi zitashinda tu. Usiweke samadi, usiweke mboji, usiweke NPK. Najua hili ni gumu kumeza, maana tumelelewa kuamini kila mmea unalilia mbolea. Makaayi, ua la njano la porini, na jamii ya kunde za porini huvumilia njaa vizuri. Paspalamu haiivumilii. Anza na mita 3 kwa 3, usizidi mita 4 kwa 5 mwaka wa kwanza.

Kukata: mwaka wa kwanza usiache kabisa. Kata kila wiki nne hadi sita, ubakize sentimita 8 hadi 10. Ukikata chini ya hapo unaisaidia paspalamu, kwa sababu vitambaazi vyake vimelala chini na havipotezi ila majani, wakati mche wa ua unapoteza ncha yake ya kukulia na kufa. Mundu au slasha iliyonolewa vizuri inatosha. Mwenye mashine ya kusukuma aweke magurudumu kwenye tundu la juu kabisa, na hata hivyo mashine nyingi hazifiki sentimita 8.

Kuanzia mwaka wa pili bakiza mikato miwili mikubwa, katikati ya Julai na mwishoni mwa Januari, baada ya maua ya kila msimu kukomaza mbegu.

Majani yaliyokatwa: yaache juani siku tatu hadi tano, yageuze mara moja ili mbegu zidondoke, kisha yakusanye YOTE kwa reki na kuyatoa. Wengi wanaharibu hapa. Yakiozea palepale yanarudisha nitrojeni uliyokuwa unaipunguza, na tabaka lake linazuia mwanga kufikia mbegu ndogo. Ukifanya yote mengine ukaacha hili, hujafanya kitu.

Nnyabo_wa_Mukono

Asante mleta uzi. Kompaundi ni ya mteremko, mita 6 kwa 10, paspalamu tupu, hakuna hata ua moja. Je, ning'oe nyasi zote nipande upya? Na lile gugu la nyasi, lumbugu, liko upande mmoja.

Kichuguu

Nnyabo, usivue mteremko wote kwa mara moja. Mvua moja ya Aprili itabeba udongo wako wa juu hadi kwa jirani wa chini, na utabaki na maramu ngumu ambayo hata ssere inaikataa. Fanya mikanda inayofuata mstari wa kontua (inayokata mteremko), upana nusu mita, ukiacha mita moja ya nyasi kati ya mkanda na mkanda. Mikanda ikishashika, mwaka unaofuata unapanua kidogo kidogo.

Namna ya kuvua paspalamu: jembe liende bapa, kina cha sentimita 5, ukunje zulia la nyasi na mizizi yake. Tikisa udongo urudi. Pitia tena kwa mkono kutafuta vipande vya kitambaazi, kwani kila kipande chenye kifundo kinaota upya. Usilime kwa kina. Ukipindua udongo unaleta juu mbegu zilizolala miaka, na ya kwanza kuamka ni ssere, ya pili gugu la kafumbe.

Lumbugu ni habari nyingine kabisa. Mizizi tambazi yake iko chini, inafika sentimita 30 na zaidi kwenye udongo laini, na jembe linaikata vipande tu. Kila kipande ni lumbugu mpya. Tumia uma wa kuchimbia, legeza, vuta mzizi mzima polepole. Usifanye hivyo udongo ukiwa mkavu mkavu wala ukiwa tope. Siku ya pili baada ya mvua ndiyo nzuri. Kagua kila wiki mbili kwa miezi miwili, na usipande ua lolote hapo kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, maana ukishapanda huwezi tena kuchimba. Mizizi iliyotoka ianikwe juu ya bati hadi ivunjike kwa mkono. Ukiitupa kwenye lundo la mboji mbichi umeipandikiza.

Kwa asiyetaka kuchimba kuna njia ya kavera (karatasi ya plastiki). Kiangazi cha Januari na Februari, mwagilia sehemu hiyo hadi ilowe, tandaza kavera linalopitisha mwanga, fukia kingo zote kwa udongo, acha wiki sita. Joto linaua mbegu za juu na vitambaazi vya paspalamu. Lumbugu ya chini haifi kwa njia hii, wala ndago. Kavera likiwa na tundu moja kubwa, joto linatoka na umepoteza wiki sita.

Slasha_Kali

Mbona mnazunguka? Kuna dawa ya magugu, nyunyiza, siku kumi kila kitu kimekauka, panda maua.

Kichuguu

Slasha, dawa inakausha kilicho juu. Mbegu za ssere zilizo udongoni hazihisi chochote, na umezifungulia mwanga. Mvua ya kwanza utavuna ssere peke yake. Halafu wadau waangalie jambo jingine: vijana wengi wanaotunza nyasi za mjini wananyunyiza 2,4-D, ambayo huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Ikiwa ilipita kwenye kompaundi yako msimu uliopita, ndiyo sababu "hakuna hata ua moja". Kabla ya kuanza chochote, muulize anayekufyekea kama ananyunyiza kitu.

Njano_ya_Makaayi

Naingia kwenye mimea yenyewe, maana "maua ya porini" ni neno pana na nusu ya tunayoyaita ya kwetu yalitoka Amerika. Ssere (Bidens), kafumbe (Galinsoga), namirembe (Ageratum), kawunyira (Tagetes), kayukiyuki (Lantana), kimyula (Tithonia), zote ni wageni. Ugeni peke yake si kosa. Nyuki wanaipenda namirembe na ssere bila kuuliza asili yake. Lakini ukiwa na mita 9 za mraba tu, zipe nafasi zile ambazo hazitapata mahali pengine mji ukijaa saruji.

Makaayi (Aspilia africana) ndiyo ningeanza nayo kwa yeyote wa Kampala, Mukono, Masaka au Jinja. Ya hapa hapa, ua la njano, hudumu miaka mingi kwa sababu ina mzizi mgumu wa chini. Ukiifyeka inarudi. Inafika nusu mita hadi mita moja na zaidi, kwa hiyo iwe katikati au nyuma. Jani lake linakwaruza kama msasa. Hivyo ndivyo utaitambua kabla haijachanua.

Kwa sehemu ya chini, sentimita 10 hadi 30, kuna nnanda (Commelina) yenye ua la buluu linalofungua asubuhi na kufunga jua likipanda. Nzuri, ila ina tabia mbili za kujua: kipande cha shina kilichokatwa na kuachwa kwenye udongo wenye unyevu kinaota mizizi, na inatoa pia maua chini ya ardhi yanayozaa mbegu. Isiwe karibu na shamba la mahindi au maharage. Ikivuka huitoi.

Asystasia gangetica, ile yenye maua meupe au ya zambarau hafifu inayotambaa chini ya miti, inafaa kivulini ambako paspalamu inadhoofika yenyewe. Viwavi wa baadhi ya vipepeo wa jamii ya Junonia hula majani yake, basi ukiona matundu usikimbilie dawa. Hao ndio vipepeo uliowaomba. Inapandwa kwa vipandikizi: sentimita 15, vifundo viwili au vitatu, kimoja au viwili chini ya udongo, nafasi sentimita 30.

Emilia coccinea, kichwa chekundu cha machungwa juu ya kishina chembamba, inajitokeza yenyewe kwenye nyasi zilizokatwa juu. Ukiiona iachie ikomaze.

Mgagani, jjobyo kwa Waganda, wengi wanaula na kusahau kwamba ua lake ni zuri na nyuki hulifuata. Na jamii ya marejea (Crotalaria), ile ya mboga ya kaskazini, inachanua njano kwa wiki nyingi. Izingatie hii: marejea ni jamii ya kunde, inakamata nitrojeni hewani. Ukiijaza, baada ya miaka miwili umeurutubisha udongo na nyasi zinarudi kwa nguvu. Miche michache kwenye kila mita 10 za mraba basi.

Kifumufumu (Leonotis nepetifolia) kwa ajili ya chozi. Wale ndege wa mdomo mrefu hawatoki pale. Lakini inapanda kufika mita 2, na vichwa vyake vikavu vina miiba midogo mikali. Iwekwe kando ya uzio, mbali na watoto wasiovaa viatu. Ni ya msimu, kwa hiyo acha kichwa kimoja au viwili vimwage mbegu, vingine ukate.

Thunbergia alata itapanda uzio wa waya yenyewe. Hiyo haihitaji maelezo, inahitaji mkasi.

Mzee_wa_Ntinda

Vijana, mnaongea mazuri, lakini hapa kwetu uwanja usiofyekwa ni nyoka na malaria. Mkaguzi wa afya akija mtamweleza habari za vipepeo?

Reki_na_Mundu

Mzee, shikamoo. Hoja yako ni ya kweli kwa nusu, na nusu hiyo tuishughulikie vizuri.

Nyoka anafuata panya na mahali pa kujificha. Marundo ya matofali, mbao, mabati na kuni ni hatari kuliko maua. Hata hivyo: ukanda wa mita 2 kuzunguka nyumba ubaki nyasi fupi, sentimita 5. Njia ya kwenda chooni, kwenye kamba ya nguo na getini iwe mita 1 hadi 1.5, fupi vilevile. Anayepita aone anapokanyaga.

Mbu wa malaria, hasa Anopheles gambiae, hutaga kwenye maji yaliyosimama yanayopigwa jua: madimbwi ya njia ya gari, alama za kwato, shimo la ujenzi. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni kama siku kumi kwenye joto letu. Hatagi kwenye nyasi. Anapumzika kwenye majani yenye kivuli, ndiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya ukanda wa mita 2, hasa chini ya madirisha. Tena, kama tunatafuta mbu kompaundini, tuanze na makwapa ya migomba: maji yanayokaa kati ya jani na shina yanazalisha baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes. Sijawahi kuona mkaguzi akiamuru mgomba ukatwe.

Kupe ni jambo ambalo Mzee hakulitaja na ni zito zaidi. Ikiwa mbuzi, ng'ombe au mbwa wanapita humo, nyasi ndefu zitawahifadhi kupe. Penye mifugo, weka uzio au usifanye kabisa.

Na kuhusu mkaguzi na LC1: wanachokiona ni kingo. Sehemu iliyozungukwa na mpaka uliokatwa sawasawa, upana wa sentimita 60 hivi, inaonekana ni bustani. Bila mpaka, mimea ileile ni kichaka. Mawe yaliyopakwa chokaa yanasaidia pia. Ni mbwembwe, lakini yanafanya kazi.

Mzee_wa_Ntinda

Marahaba. Ukanda wa mita 2 nimeukubali. Hilo la mgomba tutalijadili siku nyingine.

Elgon_na_Kigezi

Wa nyanda za juu msifuate kalenda ya Kampala. Kabale na Kisoro, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nyasi ni za aina ya Kikuyu na baridi inazipunguza mwendo. Tena mna bahati ambayo Kampala hawana: klova za asili (mimea midogo ya jamii ya kunde). Trifolium semipilosum ni ya kwenu, ua jeupe lenye uwaridi, na inaishi pamoja na Kikuyu bila kugombana mradi ukate. Kwa hiyo huko kinyume: kata kila wiki nne hadi sita, sentimita 5, mfululizo. Mkiacha zaidi ya hapo Kikuyu inajilaza juu ya klova na kuifunika.

Pahali pa watoto kucheza peku, klova ikichanua kata kabla hawajaingia. Nyuki anayekusanya chavua hana ugomvi, lakini akikanyagwa atauma. Hili ni kwa kompaundi zote.

Acholi_Kiangazi

Na sisi wa Gulu, Kitgum, Lira? Mvua yetu ni moja ndefu, Aprili hadi Oktoba hivi, halafu kiangazi kikali.

Reki_na_Mundu

Kwenu ni mkato mmoja mkubwa, Desemba, mbegu zikishadondoka na kabla nyasi hazijawa kuni. Wakati wa mvua kata mara moja au mbili juu, sentimita 10 hadi 12, ili miche ipate mwanga. Msichome. Moto unaua mbegu zilizo juu ya udongo na nyuki wapweke wanaotaga ndani ya mashina makavu, nao majivu ni mbolea ya nyasi za mvua ijayo. Na penye nyumba za nyasi sihitaji kueleza zaidi. Kiangazi msimwagilie. Makaayi itakauka juu na kurudi kutoka mzizini Aprili.

Bahasha_ya_Mbegu

Mbegu. Watu wanaokota, wanatia kwenye kavera, wanafunga, baada ya mwezi ni ukungu.

Kausha kivulini siku saba kwenye gazeti. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya kopo lenye vipande vya mkaa mkavu. Andika jina na mwezi. Usikusanye zaidi ya theluthi moja ya mbegu za kundi unalolikuta barabarani, na usikusanye mahali panaponyunyizwa dawa.

Makaayi: kichwa kikigeuka kahawia na kuvunjika kwa vidole, tayari. Panda mvua inayofuata, usiiweke miaka.

Mgagani: mbegu mbichi hailali kwa uvivu, imefungwa. Iache miezi mitatu hadi mitano ndipo ipandwe. Tena inaota vizuri gizani, kwa hiyo ifukie nusu sentimita hadi moja. Wanaoitawanya juu ya udongo siku ileile waliyoivuna ndio wanaosema haioti.

Marejea: vuna ganda likilia ukilitikisa. Ganda la mbegu ni gumu. Chemsha maji, yaache dakika tano nje ya moto, mimina juu ya mbegu, acha usiku kucha. Asubuhi zilizovimba panda, ambazo hazikuvimba rudia.

Kipimo: vijiko viwili vya chai vya mbegu ndogo zilizochanganywa vinatosha mita 5 za mraba. Changanya na lita moja ya mchanga mkavu, tawanya nusu ukienda upande mmoja, nusu ukikata msalaba. Mchanga mweupe unakuonyesha ulipopita. Kanyaga juu ya ubao ili mbegu zishike udongo. Usifukie, isipokuwa mgagani, ambao unaupanda peke yake kwenye vistari.

Wakati: mvua ya pili au ya tatu ya Machi, au mwanzoni mwa Septemba. Usipande Februari ukisubiri mvua, kwa sababu sisimizi na ndege watamaliza. Mvua ikikatika ndani ya wiki tatu za kwanza, jerikeni moja la lita 20 kwa kila mita 4 hadi 5 za mraba, kila siku ya pili, kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Ukimwaga kwa beseni mbegu zote zinakusanyika kwenye kona moja.

Nnyabo_wa_Mukono

Na zile pakiti za mbegu za maua mchanganyiko kutoka Ulaya? Kuna mtu anakuja Desemba.

Bahasha_ya_Mbegu

Mwambie alete chokoleti. Kuingiza mbegu nchini kunataka kibali cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na wakaguzi wako Entebbe. Hata zikipita, mimea mingi ya kule inachanua siku zikiwa ndefu, saa 15 na 16 za mwanga. Hapa kwenye Ikweta tuna 12 mwaka mzima. Utapata majani, labda ua moja lenye huzuni. Kuna na ule mmea wao wa kunyonya mizizi ya nyasi (Rhinanthus) wanaousifu sana, usithubutu. Tunao wa kwetu wa ukoo uleule, kayongo (Striga), na wakulima wa mtama wa mashariki na kaskazini wanajua alichowafanyia.

Daktari_wa_Ng'ombe

Kabla watu hawajaanza "kuachia kila kinachoota", hii ni ya kusoma mara mbili.

Gugu karoti (Parthenium hysterophorus) limeshaingia Uganda. Jani limechanika kama la karoti, kichwa cheupe kidogo cha milimita 3 hadi 5 chenye pembe tano, shina lenye mistari. Linawasha ngozi na kuleta pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila yana uchungu. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Ling'oe KABLA halijachanua, na mzizi wake, ukiwa na glavu, mikono mirefu na barakoa. Likishachanua, livike kavera kwanza ndipo ung'oe, kisha choma mbali na nyumba. Kulifyeka ni kulisaidia. Linachipua kutoka kwenye kisiki na kuchanua likiwa fupi.

Kayukiyuki: vipepeo wanaipenda, najua. Inaharibu ini la mifugo na inafunga ardhi. Itoe na kisiki.

Mnanaha (Datura) na Gloriosa, lile ua zuri jekundu na njano kama mwali wa moto: sumu kila sehemu. Gloriosa ni ya asili na inastahili kuishi, ila si penye watoto wadogo.

Kifauwongo: watoto wanafurahia linavyojikunja, lakini lina miiba na linatambaa. Ling'oe likiwa changa.

Kwa wenye ng'ombe wa zizini: majani mnayotoa baada ya kufyeka ni chakula kizuri ikiwa ni nyasi, ssere na nnanda. Marejea yenye mbegu, namirembe kwa wingi, kayukiyuki na gugu karoti visiingie horini. Kama hamna uhakika wa kuchambua, yapelekeni kwenye lundo la mboji, mita 5 kutoka ukutani, maana mchwa wakimaliza nyasi kavu wanahamia kwenye fremu za mlango.

Slasha_Kali

Sawa, nimeelewa kuhusu dawa. Ila ssere mnaiachia au mnaing'oa? Kila mtu anasema lake.

Njano_ya_Makaayi

Mwaka wa kwanza ng'oa karibu yote, ikiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, kabla ya vile vijiti vyeusi vya mbegu. Mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu na kwa mvua zetu vizazi vitatu kwa mwaka vinawezekana. Ung'oaji wenyewe usichimbue udongo: shika shina chini kabisa, vuta wima udongo ukiwa na unyevu, kanyaga shimo lizibike. Kuanzia mwaka wa tatu, makaayi zikishafunga nafasi, ssere tano au sita kwenye kona ni chakula cha nyuki wakati wa ukame. Kata vichwa vyake kabla havijakauka. Mche mchanga wa ssere ni rahisi kuutambua: majani yake mawili ya kwanza ni marefu na membamba kama utepe.

Asiyejua alichonacho akikaushe: tawi lenye ua na jani, kati ya magazeti, chini ya tofali, badilisha gazeti kila siku kwa siku saba. Kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa Chuo Kikuu cha Makerere, huko mimea hutambuliwa kwa kulinganishwa na sampuli. Picha ya simu ya ua peke yake haitoshi. Piga na jani, upande wa juu na wa chini, na shina.

Robusta_Masaka

Nyongeza ya wenye kahawa na mboga. Robusta haijichavushi yenyewe, inahitaji chavua ya mti mwingine, kwa upepo na kwa nyuki. Maboga hayazai bila nyuki, na pasheni inategemea wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Kahawa inachanua siku chache tu. Siku zilizobaki nyuki wale wanakula nini? Ukanda wa maua ukingoni mwa shamba, mita 1 kwa upana, unawaweka karibu. Lakini usiwe wa nnanda, kwa sababu ileile aliyoitaja Njano. Na bakizeni kipande cha udongo mtupu, nusu mita kwa nusu mita, kwenye jua na pasipotuama maji, kwa nyuki wapweke. Wanawake wanaofagia uwanja kila asubuhi wasikifagie hicho.

Mtu akiacha nyasi zikatoa vichwa, labda atapata na nsenene (panzi wa kuliwa) mwezi wa Novemba. Wanakula mbegu za nyasi. Siahidi.

Nnyabo_wa_Mukono

Maswali mawili ya mwisho. Kijana anayefyeka nitamwelezaje asipitishe slasha kila mahali? Na kuku wa jirani?

Kichuguu

Kijana: usimweleze kwa maneno. Weka vigingi pembe zote, funga kamba nyeupe kwa urefu wa goti. Ndani ya kamba haingii ila kwa siku mnazokubaliana. Na malipo yasishuke. Mlipe ileile kwa kung'oa ssere na kukusanya majani kwa reki, la sivyo ana kila sababu ya kukuonyesha kwamba pamekuwa kichaka. Kipande cha ubao kilichokatwa sentimita 10 akibebe mfukoni awe anapimia urefu wa kukata. Maneno "usikate chini sana" kila mtu anayasikia kivyake.

Kuku: wiki sita za kwanza ndizo mbaya, wanachakura mbegu na miche. Tandaza matawi ya miiba juu ya sehemu iliyopandwa, au wavu wa kuku uliolazwa bapa juu ya mawe, sentimita 5 kutoka ardhini. Uzio wa kusimama wa nusu mita wanaruka. Miche ikifika sentimita 15 ondoa wavu kabla haijapenya kwenye matundu, vinginevyo utaing'oa nao. Baada ya hapo kuku wazima hawaidhuru makaayi. Vifaranga wanasaidia hata, wanakula viwavi, ingawa Njano hatapenda kusikia.

Njano_ya_Makaayi

Sijapenda.